Bitana ya Bi Tatu

Simu ilipoita, Modesta alikuwa na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu haraka. Kwa hiyo mama mkwe wake, Bi Tatu, aliyekuwa Magoma akimuuguza dada yake, akapata nafasi ya kusema alichotaka bila kukatizwa, jambo alilolipenda sana.

"Nimeambiwa paa la chumba changu limevuja."

Modesta akazichomeka pini kwenye kitambaa. "Shikamoo, mama. Lilivuja, lakini fundi ameshaziba. Masanduku yako niliyahamishia sebuleni mvua ilipoanza tu. Hayakulowa."

"Marahaba. Hata lile la chini?"

"Hata lile la chini."

"Alhamdulillahi." Bi Tatu akashusha pumzi ndefu, kana kwamba alikuwa ameibana tangu alipopata habari. "Maana humo ndimo ilimo sanda yangu, ile aliyoniletea marehemu kutoka Maka. Keshokutwa narudi. Nikifika nataka niitoe niifukize ubani kabla ya mwezi mtukufu."

Wakaagana. Modesta akabaki na simu sikioni ingawa ilikuwa imeshakatika, macho yake yakiwa mezani, kwenye kitambaa alichokuwa anakibana pini. Kilikuwa cheupe, kizito, na kilinukia karafuu maiti.

Tuelewane kwanza kuhusu masanduku, maana balaa lote lilianzia hapo. Yalikuwa mawili, ya bati, rangi ya kijani, kazi ya fundi mmoja, yamefanana mpaka kutu. Yalikaa chumbani kwa Bi Tatu, moja juu ya jingine, na sheria yake ilikuwa fupi: la juu lina vitambaa vya zamani, ukitaka omba; la chini usiliguse. Mvua kubwa ilipokuja Bi Tatu hayupo, Modesta aliyaburuta moja moja mpaka sebuleni, na paa lilipozibwa akayarudisha. Lililokuwa la kwanza kutoka likawa la kwanza kurudi, na hivyo la juu likawa la chini. Mtu aliyebeba bati zito peke yake hawazi mambo kama hayo. Baadaye akampigia Bi Tatu kuomba kitambaa cha bitana, cha kushonea upande wa ndani wa mikoba, naye Bi Tatu, kwa ukarimu usio wa kawaida yake, akamwambia achukue chochote atakachokipenda katika sanduku la juu. Modesta akafungua la juu, akapenda.

Na dalili aliziona, tusimtetee. Aliona kitambaa hakina pindo popote, ncha zake zimechanwa kwa mkono, akashangaa nani anatunza bafta nzuri namna ile bila kuipinda. Alisikia harufu, akasema hii ni dawa ya nondo. Lakini mpenda kushona akishaona kitambaa kizuri huwa haulizi maswali mengi.

Kwao Modesta, kijijini Rangwi, ni Wakatoliki tangu enzi za mababu. Mtu akifa huvishwa nguo yake ya Pasaka, akalazwa kwenye jeneza, wakaimba. Aliposilimu ili aolewe na Kassimu alifundishwa kuswali na kufunga, na bila shaka alijua kwamba Mwislamu huzikwa na sanda. Asichokijua ni kwamba mtu anaweza kuitunza sanda yake mwenyewe chumbani, miaka na miaka, akiifukiza na kuikunja upya kama mwingine anavyotunza nguo yake ya harusi. Hakuna aliyemwambia. Kila mwaka karibu na Ramadhani Bi Tatu alijifungia chumbani na chetezo cha ubani, moshi ukapita chini ya mlango, na Modesta akaendelea na vyombo vyake.

Akaenda chumbani mbio, akaliinua la juu akaliweka kando, akafungua la chini. Vitenge vilivyopauka. Shuka kuukuu. Gauni dogo lenye jina la Kassimu kwenye kola, maana kumbe zamani alivalishwa magauni ya wasichana wa jirani akiwa hajui kukataa. Siku nyingine Modesta angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo alirudisha kifuniko polepole.

Kushona kwake hakukuwa kazi. Kazi yake ilikuwa ukarani katika shule ya msingi moja pale Lushoto, kupiga mihuri na kupokea wazazi. Kushona kulikuwa raha yake. Alikuwa na cherehani ya mkono aliyoiweka dirishani, mahali ambapo ukiinua macho unaona matuta ya karoti na ukungu unavyopanda kutoka bondeni, na pale alishona mikoba, na sketi nyepesi za lastiki kiunoni ambazo hazimtishi mtu asiye fundi. Hakuuza hata kimoja. Watu walimwuliza unauzaje, naye akajibu siuzi, kisha akampa aliyeuliza. Ndivyo alivyokuwa amevigawa vile vya bitana nyeupe. Walimu wa kike wote pale shuleni walikuwa na mkoba wake. Loveness, karani mwenzake, alishonewa sketi. Na mkoba mmoja, mkubwa kuliko yote, wenye zipu na mfuko wa ndani, alimpa Bi Shamsa wa nyumba ya pili.

Alipomkumbuka Bi Shamsa, Modesta alikaa chini sakafuni. Bi Shamsa ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaa mzima.

Kulikuwa na neno moja lililomkaa Modesta rohoni tangu mwaka wake wa kwanza katika nyumba hiyo. Alikuwa jikoni akikausha vikombe, Bi Tatu na Bi Shamsa wako uani, na Bi Tatu, ambaye hakujua kunong'ona, alisema: "Siku yangu ikifika, utaniosha wewe na wenzako. Mke wa Kassimu asinishike." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi. Aliamini kwamba Modesta alisilimu kwa ajili ya Kassimu, si kwa ajili ya Mungu, na pengine hakukosea sana. Lakini neno hilo lilimchoma Modesta, na liliendelea kumchoma. Bi Tatu hakumpa mkono hata kwenye ngazi za mawe wakati wa utelezi, alishika fimbo. Na Modesta alipotaka kumshonea sketi, akaja na futi yake shingoni, Bi Tatu alimtazama akasema, "Mimi nitapimwa siku yangu."

Bi Tatu hakuwa na binti. Modesta hakuwa akitaka kitu kikubwa. Alitaka tu kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile, na sasa alikuwa ameikata kwa mkasi sanda ya mwenye nyumba.

Akampigia Kassimu. Kassimu alikuwa sokoni Dar es Salaam akishusha karoti, na nyuma yake watu walikuwa wakigombana.

"Mume wangu, nimefanya kosa kubwa."

"Gesi imeisha?"

"Si gesi. Ni kuhusu mama."

"Mama mgonjwa?"

"Hapana, mzima, ila..."

"Basi nitakupigia, hapa kuna mtu anataka kuniibia magunia."

Hakupiga. Kassimu alikuwa mume mwema, lakini wema wake ulikuwa wa ana kwa ana. Kwenye simu alikuwa bure kabisa.

Kesho yake kazini Modesta alimvuta Loveness kwenye stoo ya vitabu, akamwambia. Loveness alikuwa Mlutheri wa Soni, mcheshi, asiyeshtuka upesi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa, kisha akajitazama kiunoni. Alikuwa ameivaa ile sketi.

"Hii?" akauliza.

"Hiyo."

Loveness akasogeza mikono mbali na mapaja yake, akasimama hivyo, kama mtu aliyemwagiwa uji. "Nimekwenda nayo sokoni," akasema. "Nimekwenda nayo kwenye kwaya."

"Nisamehe, dada."

"Na hii mikoba ya walimu je?"

"Yote."

"Utawaambia wairudishe?"

Modesta alikuwa amelala na swali hilo na kuamka nalo. Kitu ulichokiuza unaweza kukinunua tena. Ulichompa mtu kwa furaha, akakupigia magoti kukushukuru, utakiombaje bila kutoa sababu? Na sababu yenyewe utaitamkaje, kwamba mwalimu, hayo madaftari ya darasa la nne umeyaweka ndani ya sanda?

"Nikisema kwa mmoja," Modesta akasema, "mama atazikuta habari pale stendi kabla hajashuka kwenye gari."

Loveness akafikiri, akapunguza sauti. "Macho yake si yana mtoto wa jicho? Kanunue nyingine. Bafta ni bafta. Itie hiyo dawa, ikunje, irudishe sandukuni. Nani atajua?"

Lilikuwa wazo baya, na wote wawili walijua ni baya. Mchana huo Modesta aliomba ruhusa akaenda madukani.

Muuza vitambaa, mzee mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, alishusha jora la bafta akauliza urefu. Modesta alipotaja, mzee aliweka mkasi chini. "Ya sanda?" Akakishika kitambaa kwa vidole, akakichana, chrrr, kwa mkono kama karatasi. "Hii haikatwi kwa mkasi, wala haipindwi. Anayevaa havai mara ya pili." Kisha akamtazama usoni. "Poleni sana. Ni nani?"

"Hakuna mtu," akasema Modesta.

"Hakuna mtu?"

"Ni ya kuweka."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akamfungia, lakini macho yake yalimsindikiza mpaka mlangoni. Modesta alipanda kilima akihisi kila anayemwamkia anajua kilichomo kwenye mfuko. Lushoto ni ndogo. Mtu akinunua sanda saa sita, saa nane watu wanaanza kuuliza msiba uko wapi.

Nyumbani alikiloweka kitambaa kutoa wanga wa dukani, akakisugua, akakianika, akakipiga pasi mpaka kikawa laini kama kilichokunjwa miaka mingi. Halafu akakaa kwenye cherehani. Mpaka leo hawezi kueleza vizuri kilichotokea hapo. Mawazo yake yalikuwa kwenye gari la Magoma, mikono yake ikaachwa peke yake, na mikono ya Modesta ilikuwa na desturi moja: ikiona ukingo ulio wazi, inapinda. Alizinduka pindo limeshafika katikati, jembamba, limenyooka, zuri kupita kiasi. Akalifumua uzi kwa uzi, kwa ncha ya sindano. Uzi ulitoka, lakini sindano ya cherehani ilikuwa imeacha njia yake, mstari wa vitundu ambavyo hata pasi haikuviziba. Akakitia kitambaa karafuu maiti, akakilaza sandukuni, kanga za Bi Tatu juu yake, kisha akayapanga masanduku kama yalivyokuwa zamani. La chini, chini.

Bi Tatu alifika siku ya pili yake, kajitanda shuka mbili kwa baridi aliyoisahau akiwa bondeni. Hakutaka chai. Hakutaka kupumzika. "Nifungulie," akasema, na Modesta akapiga magoti mbele ya sanduku, akafungua, akakitoa kitambaa na kumwekea kitandani.

Macho ya Bi Tatu yalikuwa na ukungu, lakini vidole vyake vilikuwa vimechambua maharage maisha yake yote, vinajua bovu na zima bila kutazama. Alikikunjua kitambaa chote. Akakinusa. Akaanza kukipitia ukingoni, taratibu, inchi kwa inchi, midomo ikisoma kitu kimya kimya. Modesta alisimama ukutani. Aliona vile vidole vinakuja upande wenye vitundu. Vinakaribia. Alitamani kuku waingie, alitamani chungu kipasuke jikoni, alitamani kitu chochote. Vidole vikafika, vikapita juu ya mstari ule, vikasimama.

"Nyumba ina baridi," akasema Bi Tatu, akavipeleka mdomoni kuvipuliza. Akaendelea.

Alipomaliza alikunja. "Imekaa vizuri," akasema. "Niletee makaa ya chetezo."

Modesta alikwenda jikoni kuchota makaa. Limepita, akajiambia. Alingoja afurahi. Hakufurahi. Alipika, akaosha, akajibu alipoitwa, na kila alipopita karibu na mlango wa Bi Tatu alisikia harufu ya ubani, akahisi kama mwizi aliyealikwa kula.

Ijumaa, baada ya swala, Bi Shamsa akaja. Bi Tatu alikuwa amemwita, na hakusema kwa nini. Akamkuta kitandani, sanda imekunjwa mapajani, na Modesta akaingia na sinia ya chai na mihogo ya kuchemsha. Akataka kuweka na kutoka.

"Wewe kaa," Bi Tatu akamwambia. "Hili linakuhusu."

Modesta hakukaa. Alisimama na sinia yake.

"Shamsa," Bi Tatu akasema, "nakuita uwe shahidi. Zamani nilikwambia neno, kwamba mke wa Kassimu asinishike nikifa. Umelikumbuka?"

Bi Shamsa alimtupia Modesta jicho la haya. "Nimelikumbuka, dada."

"Nimelifuta. Nyumba imevuja mimi sipo. Mwanangu yuko barabarani na karoti zake. Huyu peke yake amebeba masanduku, na sanda yangu haikupata hata tone. Mtu aliyeitunza sanda yangu nikiwa mzima, ndiye anayefaa kunivisha nikiwa maiti. Utamfundisha kuosha. Lakini kunivisha hii, atanivisha yeye."

"Amina," akasema Bi Shamsa. "Umefanya vyema."

Neno alilolitaka Modesta miaka yote hiyo lilikuwa limekuja, na alitamani ardhi ipasuke. Akamsogezea Bi Shamsa sinia.

Bi Shamsa akauweka mkoba wake magotini ili apokee chai. Mkoba wa kitenge cha bluu, mkubwa, wenye zipu. Bi Tatu akainua kichwa, akanusa hewani, akanusa tena.

"Shamsa, huo mkoba wako unanukia sanda."

Bi Shamsa akacheka. "Nimeosha watu mpaka pua imeharibika, dada. Tangu nimepewa mkoba huu nasikia karafuu maiti kila nikiufungua. Nikasema ndiyo hivyo, sasa ni mimi mwenyewe ninayenukia."

"Amekupa nani?"

"Si mkamwana wako huyu?"

Bi Tatu akageuza uso upande wa Modesta. Na uongo ulikuwa tayari, umekaa vizuri kabisa ulimini: ni dawa ya nondo, mama, naitia kwenye vitambaa vyangu vyote. Wangemwamini. Wangekunywa chai. Siku moja, iwe karibu au mbali, angesimama katika chumba hikihiki akimvisha mama huyu kitambaa cha dukani, naye mama asiweze kumwuliza chochote.

Akaweka sinia sakafuni.

"Sanda yako ndiyo iliyomo ndani ya huo mkoba, mama," akasema.

Alieleza yote, bila kujitetea, maana hakukuwa na pa kujitetea: mvua, masanduku, simu ya kuomba bitana, mkasi. Bi Shamsa alikuwa ameushika mkoba kwa ncha za vidole. Bi Tatu alinyoosha mkono, akapewa. Akaufungua zipu, akaugeuza nje ndani, akaupitisha ule weupe shavuni mwake.

"Na hii niliyoipakata?"

"Ya dukani. Pitisha kidole hapo ukingoni, upande huo. Kuna vitundu. Nilipiga pindo nikalifumua."

Kidole kikapita, na safari hii kilijua kinatafuta nini.

"Nyingine iko wapi?"

"Kwenye mikoba ya walimu. Na Loveness, yule karani mwenzangu, nilimshonea sketi."

"Walimu wangapi?"

"Wote wa kike."

"Kwa hiyo sanda yangu inafundisha shule," akasema Bi Tatu.

Bi Shamsa aliinamisha uso haraka, mabega yakatikisika.

"Usicheke, Shamsa." Sauti ya Bi Tatu ilikuwa imebadilika. "Marehemu Juma aliibeba kwapani njia yote ndani ya ndege. Walimwambia weka na mizigo, akakataa. Alinunua mbili, yake na yangu. Yake ameivaa. Yangu wewe umeitia zipu."

Modesta alikuwa ameshapiga magoti. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nisamehe, mama."

"Hii umeinunua ili unidanganye."

"Ndiyo, mama."

"Na nilikuwa nimeshadanganyika."

"Ndiyo."

"Sasa umesemea nini?"

"Kwa sababu umesema nikuvishe. Ningekuvisha uongo, na wewe usingeweza kuniuliza."

Chai ikaota utando, na Bi Shamsa akaanza kutafuta kiatu chake kwa mguu ili aondoke. Nje mtu alikuwa akiita mbuzi. Modesta aliona wazi kwamba nyumba hii imemshinda, na kwamba Kassimu akirudi atakuta ugomvi usio na dawa.

"Lile neno nililolifuta," hatimaye Bi Tatu akasema, "sasa hivi sijui. Nitafikiri."

"Ndiyo, mama."

"Kuna kilichobaki?"

"Kipande kipo, mezani kwangu."

"Kilete."

Alikileta, na pini zake bado zimo. Akazitoa moja moja mbele yao. Bi Tatu akakikamata ncha mbili, akakinyoosha kutoka kidevuni kushuka. Kiliishia juu ya magoti. Akatikisa kichwa, maana hakikufaa tena kwa kazi yake. Lakini hakukiweka chini. Alikishika hivyo kifuani kwa muda, akakinusa, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyekutana njiani na mtu wake.

"Walimu wanaitembeza mjini," akasema polepole, "na mimi niliifungia sandukuni tukawa tunangojana." Kisha akageuka kwa Modesta, sauti imerudi kuwa ya kuagiza chumvi. "Hiki kinatosha bitana ya sketi?"

"Sketi ya nani, mama?"

"Kwani humu ndani nani hana sketi yako?"

Modesta akafuta machozi kwa kiganja. "Kinatosha. Lakini itabidi nikupime."

Bi Shamsa akaacha kutafuta kiatu.

Bi Tatu akashika nguzo ya kitanda, akasimama. Akavua shuka ya kwanza, akavua ya pili, akabaki na gauni lake la ndani, mikono ameitanua kidogo. "Basi pima," akasema. "Upesi, kabla sijabadili mawazo."

Futi ilikuwa shingoni kwa Modesta, kama kawaida. Aliizungusha kiunoni kwa mama mkwe wake, na hapo ndipo alipojua jinsi alivyokonda chini ya zile shuka, mifupa na joto tu. Bi Tatu aliyumba. Mkono wake ukashuka ukashika bega la Modesta ili asianguke, na alipokwisha kutulia, haukuondoka.

Modesta akaishusha futi mpaka kwenye vifundo vya miguu, akaweka kidole pale itakapofika sketi.

"Ni ya kuvaa hiyo," akasema Bi Tatu juu yake. "Uipinde."